Mashine ya kufyonza vumbi ya mtumba: Bei ya dukani si gharama yake

MASHINE za kufyonza vumbi zilizokwishatumika Ulaya, Marekani na Japani ni miongoni mwa bidhaa zinazoonekana kwenye maduka ya mitumba ya vyombo vya umeme katika miji kama Dar es Salaam na Mombasa. Hupangwa pamoja na pasi, feni, redio na majiko ya umeme, na mara nyingi huuzwa kwa bei ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kuimudu.

Kwa mjasiriamali anayetaka kutoa huduma ya kusafisha mazulia majumbani, misikitini, makanisani, ofisini au kwenye nyumba za wageni, mashine hiyo ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima na cherehani kwa fundi nguo. Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa kuangalia bei aliyotaja muuzaji peke yake. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Fedha iliyokopwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa inaweza kuishia kwenye chombo kisichowaka, huku marejesho yakiendelea kudaiwa kila wiki.

Hata hivyo, si kila mashine ya mtumba ni mzigo. Nyingi huondolewa na wenyewe kwa ubovu mdogo ambao fundi wa kawaida anaweza kuumaliza kwa siku moja. Tofauti ya faida na hasara hutokana na mambo matatu, ambayo ni umeme unaotakiwa na mashine, hali ya mota, na hesabu kamili ya gharama hadi siku ya kwanza ya kazi.

Inavyofanya kazi

Mashine inayozungumziwa hapa ni ile ya kusimama, ambayo mtu huisukuma mbele na nyuma kwa mpini mrefu. Ndani yake kuna mota moja inayofanya kazi mbili. Kwanza huzungusha feni inayovuta hewa. Pili, kwa kutumia mkanda wa mpira, huzungusha rola yenye brashi iliyoko chini, ambayo hupiga zulia na kung'oa mchanga ulioshika kwenye nyuzi. Vumbi huingia kwenye mfuko au kopo, na hewa hupita kwenye filta kabla ya kutoka nje. Ziko zenye mota ya pili kwa ajili ya brashi, lakini zile za bei ndogo nyingi hutegemea mota moja.

Umbo hilo lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1908 James Murray Spangler, mfanyakazi wa usafi katika mji wa Canton, jimbo la Ohio nchini Marekani, alipata hataza ya mashine yenye mota, feni, brashi na mfuko wa kitambaa. Spangler alikuwa akisumbuliwa na pumu kutokana na vumbi la kazini. Haki zake zilinunuliwa na William Hoover, mfanyabiashara wa bidhaa za ngozi. Msingi wa mashine haujabadilika sana tangu wakati huo, na hiyo ni habari njema kwa fundi wa mtaani, kwani anayeifahamu moja huweza kufungua nyingine.

Ubovu mdogo na ubovu mkubwa

Mashine inaponguruma lakini haivuti uchafu, mwenye nayo hudhani imekufa. Mara nyingi sababu huwa ni mfuko uliojaa, filta iliyoziba, bomba lililokwama kipande cha karatasi au soksi, nywele na nyuzi zilizojiviringa kwenye rola, au mkanda uliokatika. Ubovu wa aina hii hugharimu fedha kidogo na muda mfupi.

Aidha, mashine nyingi zina swichi ndogo ya usalama inayokata umeme mota inapopata moto kupita kiasi. Filta ikiziba, hewa ya kupooza mota hupungua, joto hupanda na mashine huzimika. Ikiachwa ipoe kwa nusu saa au zaidi huwaka tena. Muuzaji asiyejua jambo hili anaweza kuiuza kama mbovu kabisa, na hapo mnunuzi mwenye ujuzi hupata bidhaa nzuri kwa bei ya chuma chakavu.

Ubovu mkubwa ni ule wa mota. Mota iliyoungua huhitaji kusukwa upya, yaani kuondoa waya za shaba zilizoungua na kuviringisha mpya, au kubadilishwa yote. Kwa mashine ya bei ndogo, kazi hiyo aghalabu hugharimu zaidi ya bei ya kuinunulia. Nyumba ya plastiki iliyopasuka pale panapokaa mota au rola nayo ni ya kuogopwa, kwa sababu kipuri chake hakipatikani kirahisi na gundi haihimili mtikisiko.

Volti kwanza, bei baadaye

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi anashauriwa kugeuza mashine na kusoma kibandiko kilichoko chini au nyuma. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, na wa Kenya ni 240. Mashine iliyotoka Uingereza au nchi nyingine za Ulaya huandikwa 220-240V, hivyo inafaa. Iliyotoka Marekani huandikwa 120V, na iliyotoka Japani 100V.

Mashine ya Marekani au Japani ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu, mota huzunguka kwa kasi isiyoweza kuihimili na kuungua kwa muda mfupi. Kubadilisha plagi hakusaidii lolote, kwani plagi haipunguzi volti. Inahitajika transfoma ya kushusha umeme, na kwa mashine ya wati 1,200 transfoma hiyo isipungue volti-ampea 1,500. Chombo hicho ni kizito kubeba kutoka nyumba hadi nyumba, na bei yake inaweza kuzidi ya mashine yenyewe.

Baadhi ya wanunuzi huhofia namba ya hezi, 50 au 60. Kwa mota za kaboni zinazotumika kwenye mashine nyingi za aina hii, namba hiyo si kikwazo, kwani hufanya kazi kwa zote mbili. Kinachoziua ni volti.

Jambo jingine ni wati. Wengi huamini kuwa wati nyingi ni nguvu nyingi ya kuvuta. Sivyo. Wati huonyesha umeme unaoliwa. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni kwamba kuanzia Septemba 2014 mashine mpya zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani ziwe chini ya wati 1,600, na kuanzia Septemba 2017 ziwe chini ya wati 900. Hivyo mashine ya wati 850 iliyotengenezwa baada ya 2017 haipaswi kudharauliwa, na ya wati 2,000 ya kabla ya 2014 haipaswi kusifiwa kabla ya kujaribiwa. Anayetegemea jenereta ndogo akumbuke pia kwamba mota huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka.

Ukaguzi wa dakika kumi

Mnunuzi asikubali kuuziwa mashine bila kuiona ikiwaka. Muuzaji akisema hakuna umeme, ni heri kurudi kesho. Kabla ya kuichomeka, akague waya wote kwa vidole, hasa pale unapoingia kwenye plagi na kwenye mpini, ambapo hupinda kila siku. Waya uliofungwa kwa selotepu ni wa kubadilisha. Akiona waya una nyuzi mbili tu, bila ule wa ardhi, atazame kibandiko. Alama ya mraba ndani ya mraba ina maana kuwa mashine ilitengenezwa hivyo kwa usalama.

Kisha, ikiwa haijachomekwa, azungushe rola kwa mkono. Inapaswa kuzunguka kwa ulaini. Ikikwaruza, huenda beringi zake zimekwisha au nywele zimejaa pembeni.

Baada ya hapo iwashwe kwa dakika kumi. Mlio wa mota uwe wa sauti moja. Mlio wa kusaga ni dalili ya beringi mbovu, na harufu ya waya au rangi iliyoungua ni dalili ya mota inayokaribia kufa. Kupitia matundu ya hewa huweza kuonekana cheche ndogo za samawati kwenye kaboni, na hizo ni za kawaida. Lakini cheche zinazozunguka kama pete ya moto zinaonyesha kuwa kaboni zimekwisha au shaba inayoguswa na kaboni imeharibika. Kaboni hubadilishwa kwa bei ndogo, shaba haibadilishwi.

Mwisho, mashine iwekwe juu ya kipande cha zulia chenye mchanga kidogo. Rola ikizunguka hewani na kusimama inapogusa zulia, mkanda umelegea. Mchanga ukibaki, kuna mahali hewa inavuja au pameziba.

Ni vizuri pia kutazama njia ya uchafu. Katika baadhi ya mashine, hasa za mtindo wa zamani, uchafu hupita kwenye feni kabla ya kuingia kwenye mfuko. Kokoto au sarafu ikifyonzwa huweza kuvunja mapanga ya feni, na mashine hutikisika. Katika nyingine uchafu hubaki kwenye mfuko au kopo kwanza, na feni hupata hewa iliyochujwa. Kwa nyumba zetu, ambako mchanga na vijiwe huingia na viatu, aina ya pili ni salama zaidi.

Matengenezo

Kazi yoyote ianze kwa kuchomoa plagi ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Hatua ya kwanza ni usafi. Mfuko, kopo na filta hutolewa, bomba huchunguzwa kwa kutazama mwanga upande wa pili, na nywele hukatwa kwenye rola kwa mkasi. Vumbi lililoganda ndani hupulizwa kwa mashine ya upepo ya gereji, nje ya nyumba, na anayepuliza afunge pua na mdomo kwa barakoa. Filta ya sponji huoshwa kwa maji baridi na kuachwa ikauke kabisa, kwa kawaida siku nzima. Ikirudishwa na unyevu hushika vumbi na kuwa tope. Filta ya karatasi haioshwi isipokuwa mtengenezaji ameandika kuwa inaoshwa. Mfuko wa karatasi uliojaa hutupwa, kwani ukikung'utwa na kurudishwa matundu yake hubaki yameziba.

Hatua ya pili ni mkanda. Ule wa zamani upelekwe dukani kama kipimo, kwa kuangalia urefu, upana na kama ni bapa au wa meno. Ni busara kununua miwili na kuweka mmoja akiba.

Hatua ya tatu ni kaboni. Hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, hata kama moja bado ndefu, na za ukubwa uleule wa milimita. Zikiwekwa, mashine iwashwe kwa dakika chache bila kusukumwa kwenye zulia, ili zikae vizuri kwenye shaba. Kaboni mpya zikiisha ndani ya wiki chache, ubovu uko kwenye shaba, na kuendelea kununua kaboni ni kumwaga maji kwenye gunia.

Hesabu kabla ya kutoa fedha

Chukua mfano wa kijana anayenunua mashine kwa Sh 70,000 bila kuijaribu, kwa sababu ina mkanda uliokatika na waya mbovu. Namba hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke bei za sokoni kwake. Usafiri ni Sh 6,000, mikanda miwili Sh 8,000, kaboni Sh 10,000, mifuko na filta Sh 12,000, waya na plagi Sh 9,000, na fundi Sh 20,000. Jumla ni Sh 135,000. Akiongeza akiba ya dharura ya Sh 15,000, mtaji unakuwa Sh 150,000, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya bei ya dukani.

Mwenzake ananunua mashine ya Sh 110,000 ambayo ameiona ikiwaka kwa dakika kumi. Analipa usafiri Sh 6,000, mkanda mmoja Sh 4,000 na mifuko na filta Sh 12,000, kisha anatenga akiba ileile ya Sh 15,000. Jumla ni Sh 147,000. Tofauti ya Sh 40,000 iliyoonekana dukani imeyeyuka yote, na huyu wa pili ana uhakika zaidi na mota yake.

Sasa mapato. Kijana akisafisha sebule 10 kwa wiki kwa Sh 3,000 kila moja, anapata Sh 30,000. Akitoa nauli Sh 8,000, mifuko na mikanda Sh 2,000, na ujira wake mwenyewe Sh 10,000, zinabaki Sh 10,000. Kwa mtaji wa Sh 150,000, itamchukua wiki 15 kurudisha fedha. Kama kila sebule huchukua nusu saa, mashine lazima ifanye kazi saa 75 bila ubovu mkubwa kabla ya kuingiza faida ya kwanza. Mota ikifa baada ya saa 50, yaani wiki ya 10, atakuwa amerudisha Sh 100,000 na kupoteza Sh 50,000.

Wengi husahau kuandika ujira wao kwenye hesabu. Mtu asiyejilipa huona faida isiyokuwepo, na siku mashine inapoharibika hugundua kuwa amekuwa akila mtaji.

Je, mota ya mtumba inaweza kufikisha saa hizo? Kanuni za Ulaya za kuanzia Septemba 2017 zinataka mota ya mashine mpya idumu saa zisizopungua 500. Familia inayotumia mashine saa moja kwa wiki hutumia saa 50 hivi kwa mwaka, hivyo iliyotumika miaka mitano imekwishakula saa 250. Zinazobaki zinatosha kurudisha mtaji mara tatu. Lakini iliyotoka hotelini au ofisini, ambako ilitumika saa kadhaa kila siku, inaweza kuwa imemaliza umri wake ingawa inang'aa kwa nje. Kaboni fupi, magurudumu yaliyolika na mpini uliochubuka husema ukweli kuliko rangi.

Kwa mwenye nyumba ya wageni anayelipa umeme mwenyewe, hesabu ni nyepesi. Mashine ya wati 1,400 ikitumika nusu saa hula uniti 0.7. Namba hiyo izidishwe kwa bei ya uniti anayonunua.

Onyo kwa wakulima na wenye mashine za kusaga

Wapo wanaofikiria kutumia mashine hizi kwenye ghala la mahindi, banda la kuku au chumba cha mashine ya kusaga nafaka. Hapo tahadhari inahitajika. Mashine ya nyumbani haikutengenezwa kwa vumbi laini la unga, saruji au majivu. Vumbi hilo huziba filta kwa dakika chache na kuunguza mota. Zaidi ya hayo, vumbi la unga likiwa jingi hewani huweza kulipuka likikutana na cheche, na mota ya kaboni hutoa cheche muda wote inapozunguka.

Vumbi la banda la kuku lina kinyesi na vipande vya manyoya, na la ghala linaweza kuwa na ukungu au dawa ya kuhifadhi nafaka. Filta dhaifu huyarudisha yote hewani kwa chembe ndogo zinazoingia mapafuni. Kwa kazi hizo ziko mashine maalumu za viwandani. Asiyeweza kuzinunua ni bora atumie ufagio na sepetu, afunge pua kwa barakoa na afungue madirisha. Maji na makaa yenye moto navyo visifyonzwe kwa mashine ya nyumbani kwa hali yoyote.

Kwa wanaotengeneza na kuuza

Wako watakaoona faida kwenye kununua mbovu, kutengeneza na kuuza. Biashara hiyo hujengwa kwa jina. Muuzaji anayeandika kwenye risiti vipuri alivyobadilisha na kutoa dhamana ya mwezi mmoja anaweza kudai bei ya juu kuliko jirani yake, kwa sababu anamwondolea mnunuzi hofu. Mashine mbili za aina moja zilizokufa nazo ni mali, kwani mota ya moja na nyumba ya nyingine huweza kutoa moja nzima.

Wanaoagiza kwa makontena wafahamu pia kwamba tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za vifaa vya umeme zinazovuka mipaka zipate kwanza kibali cha nchi zinazohusika. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mkataba huo. Mzigo wa mashine zisizojaribiwa unaweza kuhesabiwa kuwa taka, hivyo ni muhimu kuwa na uthibitisho kwamba zilijaribiwa na zinafanya kazi.

Kwa mnunuzi wa mashine moja, kinachotakiwa ni daftari, kalamu na subira. Aandike bei ya kila kitu hadi siku ya kwanza ya kazi, agawanye kwa fedha zinazobaki kila wiki baada ya kujilipa, na ajiulize kama mota aliyoisikia dukani itafika huko. Jibu likiwa hapana, fedha hiyo ibaki mfukoni hadi mashine nyingine ipatikane.